Nchi Uliyoipita Umelala

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeupata. Unasema umetimiza miaka 60, barua ya kustaafu imeshatoka, na unaniuliza mimi niliyekutangulia ufanye nini. Nitakujibu, ingawa maneno haya nimeyasema mara nyingi, msibani, harusini, nje ya kanisa baada ya ibada, na wengi waliyaitikia kwa kichwa kisha wakarudi kukaa. Kuyasema kumenichosha, lakini bado nayaamini yote. Nivumilie, soma taratibu.

Mipango yako naijua kabla hujanitajia. Utamalizia nyumba ya Uyole. Utafuga kuku wa mayai. Kiinua mgongo kikiingia, mmoja wa vijana wako atakuja na hesabu ya bajaji, akuonyeshe kwenye simu jinsi itakavyoleta hela kila jioni. Sipingi lolote kati ya hayo. Ninachouliza ni miguu yako umeipangia nini. Umefanya kazi umekaa, umesafiri umekaa, umehudhuria vikao umekaa, na sasa unajiandaa kupumzika kwa kukaa. Nimewaona wenzetu walioagwa kwa keki na hotuba wakiwa na nguvu zao zote. Mwaka wa kwanza wanakaa barazani kupokea wageni. Mwaka wa pili wageni wamepungua, miguu imeanza kuvimba jioni, na safari ya dukani anatumwa mtoto. Baada ya hapo ni kushikwa mkono. Wengi wao hawakuwa na ugonjwa wa kutajika. Walikaa tu.

Ninachokuomba ni kwamba uitembelee nchi yako kwa miguu ungali na magoti. Sikuambii uende Serengeti wala Kilimanjaro. Nazungumzia nchi hii ya kwetu, kutoka Mbeya hadi Iringa, ambayo wewe na mimi tumeipita miaka yote tukiwa ndani ya basi.

Fikiria safari zako za Dar es Salaam. Basi linatoka Mbeya alfajiri, Uyole bado giza. Chimala umeshalala. Unaamka Makambako kwa kelele za wauza mahindi dirishani, unasinzia tena mpaka Mafinga, unashuka kula kwa haraka maana kondakta anapiga kelele. Iringa unaiona kwa mbali, mji uko juu kilimani na basi linapita chini, Ipogolo. Kitonga unaamshwa na kona. Ruaha Mbuyuni unanunua vitunguu. Ukifika mjini unasema umetoka mbali, na kweli umetoka mbali. Lakini umelala miguuni pa Kitulo. Umepita Isimila pazia limefungwa. Umepita Lugalo ukitafuta chaja ya simu. Barabara ile ni nzuri na imetusaidia sana, nami sina ugomvi nayo, ila imetufundisha kuihesabu nchi yetu kwa vituo vya kula.

Anzia Isimila. Naitaja ya kwanza kwa sababu haikudai mengi: ni kama kilomita 20 kutoka Iringa kwa upande huu wa Mbeya, haiko mbali na lami, na matembezi yake anayaweza mtu aliyekaa miaka 30 nyuma ya meza. Ni korongo lililochimbwa na maji ya mvua. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini alipita hapo, akaona mawe yaliyochongwa yametapakaa. Mwaka 1957 na 1958 Profesa F. Clark Howell na wenzake wakaja kuchimba, wakakuta mashoka ya mkono kwa wingi, na pamoja nayo mifupa ya wanyama, akiwemo kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani. Pale palipo pakavu leo palikuwa na maji, na watu walikuja majini kuwinda na kuchuna. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilikadiria miaka kama 260,000.

Hiyo hesabu usijaribu kuielewa ukiwa umesimama juu ukingoni. Shuka na mwongozaji, taratibu, uangalie chini. Jiwe lililochongwa ukilipita kwa haraka ni jiwe tu. Ukisimama unaona kwamba limemeguliwa pande zote mbili, kwamba makali yake yamekusudiwa, kwamba aliyelishika alikuwa na kiganja kama changu na chako. Kuna vitu ambavyo gari haliwezi kukuonyesha hata likienda polepole, na hiki ni kimoja. Kisha endelea hadi kwenye nguzo, zile za udongo mgumu zilizoachwa zimesimama baada ya mvua kuondoa udongo wa pembeni. Watu hupiga picha kwenye nguzo na kuondoka. Mawe hawayatazami. Nakusihi uyatazame mawe kwanza, na usichukue hata moja. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, lakini hata isingekuwepo, mzee mwenye mvi kutoka na jiwe mfukoni mbele ya mjukuu ni jambo la aibu.

Nitasema la mjukuu, maana ndilo linaloniuma. Watoto wetu wanaipata historia ya kwao kwenye mitihani, maswali ya kuchagua herufi. Wanajua Chifu Mkwawa wa Wahehe alipigana na Wajerumani. Ukiwauliza alipigania wapi, wanataja Kalenga kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu. Sisi ndio tuliopaswa kuwapeleka, na tulikuwa na kazi. Sasa kazi imekwisha, mdogo wangu. Muda umeupata, na mwendo wako wa sasa unalingana na wa mtoto wa miaka 10 anayetaka kusimama kila hatua kuuliza. Mwendo huo kijana wa miaka 30 hana. Ana haraka, anataka kufika.

Ukiifuata habari ya Mkwawa, ifuate kwa mpangilio wake. Watu wengi huenda Kalenga, wakaliona fuvu lake, wakarudi mjini kula. Wanaanza na mwisho. Wewe anzia Lugalo, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam baada ya kuipita Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, kilikuwa kinapita hapo kwenye vichaka na mawe, mstari mrefu, na jeshi la Wahehe lilikuwa limejificha likingoja. Kwa muda mfupi Zelewski na wengi wa watu wake walikuwa wameuawa. Pembeni ya barabara upo mnara wa kumbukumbu waliojengewa Wajerumani. Simama hapo, kisha tembea kidogo utoke kwenye kelele za malori. Angalia jinsi ardhi inavyoinuka. Utaelewa kwa nini walichagua mahali pale, na hutahitaji mtu kukueleza. Na umwambie mjukuu wako jambo ambalo mnara hausemi: kwamba Wahehe nao walizika watu wengi baada ya siku ile, na kwamba wengi wa askari waliokufa upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika waliochukuliwa kutoka nchi za mbali. Mtoto anaweza kuubeba ukweli wote. Tusimpunguzie.

Kutoka Lugalo nenda Kalenga. Hapa ndipo palipokuwa na ngome, yenye kuta za mawe na udongo, na hapa ndipo Wajerumani walipofika tarehe 30 Oktoba 1894 na mizinga yao wakaivunja. Mkwawa hakukamatwa. Alitoka, akapigana vita vya porini kwa karibu miaka minne, akilindwa na watu waliochomewa nyumba na vyakula kwa kutomsema alipo. Wajerumani wakatangaza zawadi kwa atakayeleta kichwa chake. Tafakari hiyo miaka minne ukiwa unatembea kwa miguu yako kwenye vilima vile. Mimi niliposoma habari hiyo shuleni ilikuwa sentensi moja. Nilipotembea saa chache tu kwenye jua la Iringa, na chupa ya maji mkononi na gari likinisubiri, ndipo nilipopata picha ndogo ya maana ya kukimbia miezi na miezi huku unajua kwamba kila moshi wa jiko unaweza kukusaliti.

Kisha nenda Mlambalasi. Ni kilomita kama 50 kutoka mjini kwa upande wa kwenda Ruaha. Hapa ndipo tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alipojipiga risasi ili asishikwe akiwa hai. Kaburi lake liko hapa, na mwili uliozikwa hapa ulizikwa bila kichwa. Kichwa kilikatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa na kifungu cha 246 kilichodai fuvu la Mkwawa lirudishwe. Fikiri, mdogo wangu: mataifa makubwa yamekaa Ufaransa kugawana dunia, na katikati ya karatasi zao limo jina la mtu wa Uhehe. Hata hivyo ilichukua mpaka mwaka 1954, gavana akiwa Edward Twining, ndipo fuvu likaletwa Kalenga kutoka Bremen na kukabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Kwa hiyo fuvu liko Kalenga na kaburi liko Mlambalasi. Ukisoma kwenye kitabu hilo ni taarifa. Ukitoka huku ukaenda kule, ukapanda njia ya mwamba na kijiti chako, ukasimama mbele ya kaburi ukiwa unahema, linakuwa jambo jingine. Vua kofia. Usikae juu ya kaburi kula biskuti, kama nilivyowahi kuona watu wazima wakifanya. Usiandike jina kwenye mwamba. Na kabla hujaondoka, ujue kwamba wataalamu wamechimba kwenye pango la mwamba huo na kukuta mabaki ya watu wa Zama za Mawe pamoja na ya wafua chuma waliokuja baadaye. Watu wamejihifadhi pale maelfu ya miaka kabla ya chifu aliyekimbilia pale.

Nimekaa sana kwenye Uhehe, lakini sijutii. Sasa nizungumzie mwili wako kabla sijakupandisha milimani, maana najua unavyofanya mambo: ukikubali leo, kesho unataka kilele.

Usianze na mlima. Anza na barabara ya mtaani kwako. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, pamoja na sisi tuliopita miaka 65, tupate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na sisi wazee tuongeze mazoezi ya kujiweka sawa tusianguke. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mtaa wa Mbeya una miinuko ya kutosha, hutahitaji kwenda kokote. Fanya hivyo miezi miwili, mitatu. Ukiwa Iringa, jipime Gangilonga, lile jiwe kubwa lililo juu ya mji. Ukilipanda asubuhi na ukashuka bila goti kulalamika siku ya pili, uko tayari kwa zaidi.

Na sikiliza hili la kushuka. Kila mtu huogopa kupanda, kwa sababu kupanda kunakata pumzi. Lakini pumzi ukisimama inarudi. Kushuka ndiko kunakoumiza, kwa kuwa uzito wote unadondokea kwenye goti na misuli ya paja inafanya kazi ya kuzuia muda wote, kama breki za lori la mzigo Kitonga. Dereva wa lori anajua kushuka kwa gia ndogo. Nawe shuka kwa hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, na fimbo mbili badala ya moja. Usione haya kwa fimbo. Vijana wa kizungu wanazinunua dukani kwa bei kubwa; wewe utakata za kwako.

Kuhusu dawa, nakuomba kwa unyenyekevu. Wewe unatumia dawa ya presha, na wengi wa rika letu wakisafiri huruka kile kidonge kinachowapeleka chooni, ili wasisumbuke njiani. Kisha wanapanda mlima. Usifanye hivyo kwa kichwa chako. Nenda kwa daktari wako, mwambie unataka kutembea saa nne milimani, akupangie dawa utakunywa saa ngapi. Mwenye sukari naye aulize, na asiondoke bila chakula na kitu kitamu mfukoni, kwa sababu mwendo mrefu hushusha sukari. Na maji usiyangoje kiu. Umri wetu huu kiu huchelewa kuja, mwili unakauka na wewe unajiona salama. Kunywa kila unaposimama.

Kitulo ndiko ninakotaka ufike, na ndiko unakotakiwa kujiandaa kuliko kote. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 2005, na ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji walikuwa wameshaiita Bustani ya Mungu kabla serikali haijaweka bango. Ukitokea Chimala unapanda ile barabara ya Hamsini na Saba, iliyopewa jina kwa idadi ya kona zake, mpaka Matamba. Ukifika juu, uwanda uko mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama 1,700. Hizo mita 900 za ziada moyo wako utaziona. Lala Matamba usiku mmoja kabla ya kutembea. Mwezi wa sita na wa saba usiku kuna jalidi kule, kwa hiyo lile koti lako zito la wakati wa kazi ndipo litakapopata kazi tena. Maua hutoka mvua zikinyesha, kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne, na maana yake ni kwamba utapata maua pamoja na matope na ukungu. Huwezi kuchagua kimoja.

Kitulo haina simba wa kukukimbiza wala tembo wa kuogopa. Ni majani na maua na upepo. Ndiyo maana mtu anayekwenda kule kwa gari na kutazama kupitia dirishani hurudi akisema hakuna kitu. Kuna aina zaidi ya 350 za mimea, na kati yake aina 45 za okidi zinazoota ardhini, nyingine ndogo kiasi kwamba lazima upige goti kuiona sura yake. Tembea kidogo, simama, inama, nyanyuka. Hakuna njia nyingine ya kuiona Kitulo, na njia hiyo ndiyo ya umri wetu.

Na hapo nitakupa onyo. Viazi vya okidi hizo vilichimbwa kwa mamilioni na kusafirishwa hadi Zambia kutengenezewa chikanda, ile wanayoipika na karanga. Waliochimba hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanatafuta ada za shule. Lakini kila kiazi kinachong'olewa ni ua ambalo halitaonekana tena mahali pale. Usichume hata moja kumletea mtu nyumbani. Wala usimnunulie mtoto anayekuuzia njiani, hata akikusikitisha. Mpe kazi ya kukubebea maji, umlipe.

Kule juu pia ndiko inakoanzia baadhi ya mito inayoshuka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Ukitembea utaviruka vijito vyake kwa hatua moja. Kisha ukumbuke kwamba tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka kabisa kwa majuma na miezi wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakabaki wamebanana kwenye madimbwi, kwa sababu maji mengi yanakwama juu, kwenye mashamba ya mpunga na malisho ya bonde la Usangu. Mchele tunaousifia harusini umo ndani ya hesabu hiyo. Sina jibu la kukupa kuhusu nani anyimwe maji. Najua tu kwamba mtu aliyekiruka kijito Kitulo na kuuona mchanga mtupu Ruaha hazungumzi ovyo kuhusu maji kwenye kikao cha kijiji.

Ruaha yenyewe sitaisemea sana. Ni hifadhi kubwa, kama kilomita za mraba 20,000, ipo tangu mwaka 1964, na kutembea kwa miguu ndani yake kunaruhusiwa kwa utaratibu maalumu ukiwa na askari mwenye silaha. Kama huwezi kusimama ghafla, kunyamaza na kufuata amri bila kubisha, panda gari. Sisemi hivyo kukudharau. Tembo hapimi umri wa mtu. Udzungwa, upande wa mashariki ambako hakuna barabara ndani ya hifadhi na kila kitu ni kwa miguu, iache mpaka mwaka wa pili.

Karibu zaidi na nyumbani kwako kuna Ngozi, ziwa lililo kwenye shimo la volkano juu ya barabara ya Tukuyu. Njia inapita msituni na kwenye mianzi, na kipande cha mwisho ni kikali na huteleza. Ukifika ukingoni, tazama maji yale chini, pumzika, urudi. Vijana watakushawishi mteremke mpaka ziwani. Kataa.

Ukipita Rungwe, mtafute mzee wa pale umuulize kuhusu kipunji. Ni nyani mwenye nywele ndefu za kahawia, anaishi juu ya miti. Wawindaji wa Kinyakyusa walimtaja kwa jina, na watafiti waliowasikia hawakuwa na hakika kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi, mpaka walipomuona wenyewe mwishoni mwa mwaka 2003. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, jambo lililokuwa halijatokea kwa jamii ya nyani wa Afrika kwa miongo mingi. Waliomjua kwanza ni watu waliotembea msituni kwa miguu, na hawakuwa na cheti. Kwa hiyo uendako usijifanye bosi mstaafu. Salimia. Ukiwa Uhehe anza na *kamwene*, hata kama mengine huyajui. Kaa chini mzee wa pale anapokaa. Utaambiwa mambo ambayo hayapo kwenye bango.

Sasa nina neno kwa wanao, na naomba uwasomee. Wanangu, baba yenu akisema anataka kwenda Kitulo, msimwambie "pumzika baba, umefanya kazi vya kutosha." Mnasema kwa upendo, najua. Lakini kila mkimkalisha mnamzeesha. Mnunulieni viatu vyenye soli ya kushika, mumpe kijana wa kufuatana naye, mjue amekwenda wapi na atarudi saa ngapi, kisha mwacheni aende. Mzee kuanguka njiani ni hatari, sikatai. Ila na mzee aliyekaa mpaka paja likalegea huanguka pia, na huangukia bafuni.

Na wewe mdogo wangu, kabla hujasema utakwenda na marafiki zako wa kijiweni, nizungumzie shemeji yangu. Mama zetu na wake zetu wametembea maisha yao yote. Wamebeba kuni, ndoo za maji, mahindi ya kusaga, watoto mgongoni. Ndiyo maana ukimwambia mwanamke wa umri wake "twende tukatembee milimani" anakuangalia kwa mashaka, anauliza kuna nini huko cha kubeba. Hajawahi kwenda mahali ili atazame tu. Usimbishie na usimcheke. Mweleze kwamba safari hii hatapika wala kubeba kitu, na kwamba mkifika atakaa kwanza yeye. Kisha hakikisha inakuwa hivyo kweli. Chakula nunueni Iringa mjini au mfungashe mandazi na mayai, na ubebe wewe. Mimi nimeona wanaume wanaomtanguliza mke na kikapu kichwani hadi Isimila, wao mikono mfukoni, wakimfundisha habari za Zama za Mawe. Usiwe mmoja wao.

Fedha nazo zisikuogopeshe. Kiingilio cha Mtanzania kwenye hifadhi zetu ni cha shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na cha maeneo ya kale ni kidogo zaidi. Chukueni vitambulisho vya taifa, wewe na yeye, vinaulizwa getini. Gharama kubwa ni gari la kuwafikisha Mlambalasi na Kitulo, na hiyo mnaweza kuchanga na wastaafu wenzenu wawili watatu. Mwongozaji mlipeni kwa haki, msibishane naye bei mpaka aone haya, maana akiacha kazi hiyo akaenda kuendesha bodaboda, mtakaporudi hamtamkuta mtu wa kuwaonyesha jiwe.

Anzeni mwezi wa sita, mvua zikiwa zimekwisha na njia zimekauka. Pandeni basi la asubuhi mshuke Iringa mchana, mlale mjini, saa moja asubuhi muwe Isimila kabla jua halijawa kali. Siku ya pili Lugalo na Kalenga, ya tatu Mlambalasi. Kitulo ingojeeni mwezi wa kumi na mbili, magoti yakiwa yameshazoea. Viatu vya shemeji nunua leo, apate muda wa kuvilainisha akienda sokoni. Na ukishavinunua, nipigie simu unitajie tarehe.